Namna ya kumwomba profesa barua ya mapendekezo ya ufadhili wa masomo

Mhitimu, Dodoma
Habari zenu. Ninaandaa maombi ya ufadhili wa Chevening, ambao hugharimia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja nchini Uingereza na huhitaji barua mbili za wadhamini. Moja nitaandikiwa na mkuu wangu wa kazi. Ya pili ningependa iandikwe na profesa aliyesimamia utafiti wangu wa shahada ya kwanza mwaka 2019, lakini tangu mahafali sijawahi hata kumjulia hali, na ninaona haya kumwibukia leo kwa sababu nina shida. Nianzeje bila kuonekana sina adabu?

Mhadhiri, Dar es Salaam
Usione haya, kwani kuandika barua hizi ni sehemu ya kazi yetu. Kinachotuchosha ni ujumbe wa "Shikamoo Prof, naomba unisaidie skolashipu", usiosema mwandishi ni nani wala anaomba nini hasa. Jina peke yake halinikumbushi mtu. Kazi tuliyoifanya pamoja hunikumbusha. Baada ya salamu, jitambulishe kwa kazi hiyo, kisha omba waziwazi, taja tarehe ya mwisho, na umwachie nafasi ya kukataa bila kuona vibaya. Mpe wiki tatu, si siku tatu. Ambatisha wasifu wako, matokeo ya chuo na insha za maombi, maana barua inayopingana na yale uliyoyaeleza mwenyewe hukudhuru kuliko kukufaa.

Mnufaika wa zamani, Mombasa
Mimi profesa wangu aliniambia niandike barua mwenyewe, yeye atie saini. Nilimjibu kwa heshima kwamba ningefurahi zaidi maneno yakiwa yake, nikamtumia ukurasa mmoja wenye kozi alizonifundisha, alama nilizopata na mada ya tasnifu yangu, naye akaiandika. Zikipita siku kumi kimya, mkumbushe mara moja kwa barua pepe ileile. Usimpigie simu usiku.

Mhitimu, Dodoma
Asanteni sana. Nimeanza hivi: "Shikamoo Profesa. Mimi ndiye mwanafunzi uliyemrudisha Kongwa mwaka 2019 kupima upya maji ya visima tisa, kwa kuwa sikuandika saa ya kuchota sampuli. Niwie radhi kwa kimya changu cha miaka yote hii. Ninaomba, ukiwa na nafasi, uniandikie barua ya mapendekezo kwa ajili ya maombi ya Chevening." Kisha nimeomba radhi tena katikati na mwishoni.

Mhadhiri, Dar es Salaam
Mwanafunzi wa visima tisa hasahauliki. Bakiza radhi ile ya kwanza, zile mbili uzifute, halafu ongeza tarehe ya mwisho, kwa sababu sijaiona.

Mhitimu, Dodoma
Nimeiongeza. Ninaituma kesho asubuhi.