Bivi au hema la mtu mmoja? Lushoto hadi Mtae, mwezi wa saba

BintiPangani
Wakuu, habari za humu. Mwezi wa saba nataka kutembea kwa miguu Lushoto hadi Mtae, peke yangu, mwendo wa taratibu, nikilala njiani. Pale soko la Memorial, Moshi, nimewekewa vitu viwili vya mtumba nichague kimoja. Kuna bivi, ule mfuko wa kuzuia mvua unaovishwa juu ya mfuko wa kulalia: gramu 600, ukikunjwa unalingana na chupa ya maji ya lita moja. Kuna na hema la mtu mmoja, kilo 1.4, chandarua ndani, kifuniko cha mvua juu. Bei zinakaribiana. Mgongo unataka bivi, ila roho inasita. Aliyelala kwenye vyote viwili anisaidie.

Mgumu wa Marangu
Dada, chukua hema. Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka mingi, na Usambara ndiko kwa wajomba zangu, nakujua kwa baridi na kwa matope.

Watu huuliza kama bivi inavuja. Ikiwa nzima haivuji, ila maji yatakayokulowesha yatatoka kwako mwenyewe. Mwili unatoa mvuke usiku kucha, na pumzi ndiyo zaidi. Kitambaa kile huutoa mvuke vizuri pale hewa ya nje inapokuwa kavu kuliko ya ndani. Sasa Usambara mwezi wa saba ukungu unapanda toka bondeni jioni, na asubuhi jua limeshatoka bado umekaa. Hewa imeshiba maji, mvuke wako uende wapi? Unagota kwenye kitambaa, unapoa, unakuwa matone, na mfuko wako wa kulalia unayanywa. Kama ni wa manyoya ya bata, yanagandamana madonge na joto linakwisha. Usiku wa kwanza utavumilia. Usiku unaofuata unaingia kwenye mfuko ambao haujakauka, na hapo baridi inakula mifupa. Wengi wakibanwa hujifunika hadi uso, wakapumulia mle mle ndani, ndiyo wanamaliza kabisa.

Hema nalo linalowa, nisikudanganye. Kambi ya Barafu, mita 4,673, tulikuwa tunaamka dari limefanya barafu nyembamba upande wa ndani, ukiligusa inakumwagikia usoni. Lakini lako lina tabaka mbili. La nje ndilo linalolowa na wewe hulali umeligusa. Asubuhi unalifuta kwa kitambaa, unakunja, unaondoka.

Lingine ni watu. Wakulima wa kule wanatoka alfajiri na mapema. Mtu aliyelala kwenye mfuko mrefu kando ya njia, gizani, anafanana na maiti iliyofunikwa, na anayepiga yowe hapo hana kosa. Hema kila mtu analielewa. Na hata ukiwa na hema, fika kijijini kabla jua halijazama, mtafute mwenyekiti, jitambulishe, omba sehemu ya kulala. Mara nyingi utaonyeshwa uwanja wa shule. Wewe ni mwanamke uko peke yako: unahitaji sitara ya kubadilisha nguo na kujifuta mwili. Ndani ya bivi hata suruali huivui vizuri. Kwa gramu 800 za ziada, mimi ningepunguza chakula cha kopo.

BaiskeliNanyuki
Naomba nitofautiane na mzee kidogo, kwa heshima. Mimi husafiri na baiskeli huku kwetu Kenya, na bivi ndiyo kitanda changu. Laikipia kiangazi, usiku ni baridi lakini hewa ni kavu, na naamka mfuko haujalowa. Natandika popote mwili unapotoshea, kati ya mawe mawili hata, hema hapo halisimami. Mvua ikitishia nafunga turubai dogo juu, kamba moja kwenye baiskeli, nyingine kwenye mti.

Lakini penye wanyama silali nje hata siku moja, naomba hifadhi kanisani au shuleni. Na penye mbu bivi ya uso wazi ni mateso, lazima chandarua, na ukijumlisha chandarua, turubai na kamba, uzito umeshalikaribia hema. Siafu pia wakumbuke. Wakiingia kwenye bivi, zipu iko kifuani na miguu iko mbali, na wao wanaanzia miguuni. Kwa safari yako, dada, hata mimi naunga mkono hema.

BintiPangani
Asanteni sana, hiyo ya maiti sikuiwaza kabisa. Basi ni hema. Nikague nini kabla sijatoa hela?

Mgumu wa Marangu
Ligeuze ndani nje, juani. Pitisha kidole gumba kwenye utando wa ndani wa kifuniko: ukinata, au ukinuka uchachu, utando umekufa, liache hata akikupunguzia nusu. Kunja kona ya kifuniko kama bakuli, mimina maji kidogo, shikilia muda, halafu papasa chini yake kwa mkono. Tazama utepe wa kwenye mishono. Ukibanduka sehemu chache gundi ya mishono inatosha, ukibanduka kote achana nalo. Zipu ivute kwa mkono mmoja, mwendo wote, mara kadhaa.

Kisha mwambie alisimamishe hapo hapo sokoni. Fito zikikatizana linasimama lenyewe. Ukikuta ufito ni mmoja, linategemea vigingi, na uwanja wa shule umekanyagwa na watoto mpaka umekuwa kama saruji. Vile vya alumini vyembamba vitapinda. Hapo nunua vya chuma kwa fundi, sita tu, na usibebe nyundo. Jiwe utalipata huko huko.