Naomba ushauri: namtegemea Mungu au daftari langu?

Bwana asifiwe wapendwa. Mimi nauza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, na tangu mwaka jana naongoza ibada ya nyumba kwa nyumba mtaani kwetu. Shida yangu ni hii: nikijiandaa vizuri, neno likatoka bila kukwama, narudi nyumbani kifua mbele. Mwezi uliopita nikiwa katikati ya Warumi 8 sauti ilinikauka, daftari likaanguka, watoto wakacheka. Wiki nzima nikajiona si kitu. Kumbe ujasiri wote ulikuwa kwenye lile daftari!

Nimefunga siku tatu, nimesoma Yeremia 17:5-8 na 2 Wakorintho 3:5, kwamba tumtegemee Mungu, si nguvu za mwanadamu. Kichwani naelewa. Mzee mmoja wa kanisa akanishauri nisijiandae kabisa, Roho atanijaza. Nikajaribu, dakika tano tu nikaishiwa maneno (na sokoni napiga domo kutwa sichoki).

Naomba kuuliza: kujiandaa ni kukosa imani? Na wewe ukisimama mbele za watu, unajuaje kwamba tegemeo lako ni Mungu, si uwezo wako? Jumatano hii ni zamu yangu tena.