Mchumba wa zamani anasambaza picha za binti yetu na anadai pesa. Sheria inasemaje?

MuuzaLeso

Asalam alaykum. Nisaidieni wenzangu, hasa mnaojua sheria.

Nauza leso Biashara Street hapa Mombasa, mwaka wa kumi na sita huu. Nakaa Majengo na binti wa kakangu, nimemlea tangu mamake afariki. Ana miaka 21. Aliposwa mwaka jana, posa ikavunjika, kila mtu akashika njia yake. Tukadhani yamekwisha.

Alhamisi iliyopita, baina ya maghribi na isha, simu yangu ikaanza kulia mfululizo. Ni kundi letu la WhatsApp la chama, wanawake 64, mtaa mzima umo humo. Namba isiyo na jina iliingia, ikatuma picha mbili, ikatoka. Nilitambua pazia kabla sijamtambua mtoto mwenyewe. Pazia lile nililishona mimi, kwa leso iliyotoka kiwandani na doa, wateja wakaikataa.

Nilipofika nyumbani nilimkuta ameketi mkekani, buibui hajavua. Nikamuuliza simu yake iko wapi, akanionyesha jikoni kwa kidole. Alikuwa ameitia ndani ya sufuria ya pilau, akafunika, na juu ya kifuniko akaweka kinu, asiisikie. Nami niliisikia vilevile, ilikuwa ikitetemeka humo ndani.

Usiku ule namba ile ikamwandikia. Anataka Sh60,000, "gharama zangu za posa", la sivyo zilizobaki atamtumia babake aliye Maskati. Kakangu hajui kitu mpaka sasa.

Mama mkubwa asema tulipe, tunyamaze, mtoto asitirike. Mimi Ijumaa nilimchukua tukaenda kituoni. Askari aliyekuwa mezani akamuuliza, watu wamejaa pale kwenye benchi: "Hizo picha si ulipiga wewe? Si ulimtumia kwa hiari yako?" Akatuambia ni mambo ya wapenzi, tukamalizane nyumbani. Hakuandika hata mstari. Tangu siku hiyo mtoto hajavuka kizingiti.

Naomba mnijibu. Kweli akiwa alituma mwenyewe hana haki? Nikilipa, ataacha? Na wale wa kundini waliozipeleka kwingine, maana najua wapo, sheria inawagusa?

BabaShee_Kisauni

Wa alaykum salaam. Pole sana dada, nina mabinti watatu na nimesoma hii mara mbili.

Mimi nasema kama mzazi. Iteni wazee wa pande zote mbili, apewe hizo pesa mbele ya mashahidi, afute picha mbele yao. Mahakama itawachukua muda mrefu na jina la mtoto litatajwa kila siku ya kesi. Na nyinyi pia futeni hizo picha leo, zisikae kwenye simu zenu.

Msaidizi_Likoni

Wa alaykum salaam dadangu. Mimi ni msaidizi wa kisheria huku Likoni, mwaka wa tisa sasa. Kabla ya lolote: msilipe, na msifute.

Baba Shee, nakuheshimu na najua wasema kwa huruma. Lakini familia ya kwanza niliyoisindikiza kwa jambo kama hili ilifanya hayo mawili unayoyasema. Walilipa Sh30,000. Wiki tatu hazijaisha akadai nyingine, maana sasa alishajua kuwa wanalipa. Walipoamua kwenda polisi, simu ya binti ilikuwa imesafishwa, hamna ujumbe hata mmoja. Tulikaa mbele ya mpelelezi na maneno ya mdomo tu, na yule kijana akakana kila kitu kuanzia namba ya simu.

Sasa maswali yako. Askari yule alikosea. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Kifungu cha 37 kinamshika mtu yeyote anayehamisha, kuchapisha au kusambaza picha ya faragha au ya aibu ya mtu mwingine. Kisome kuanzia mwanzo hadi mwisho, hutaona mahali kinapouliza picha alipiga nani. Binti alimwamini mtu mmoja. Wale wanawake 64 hakuwatumia yeye.

Na kwa kuwa neno ni kusambaza, halimgusi yule wa kwanza peke yake. Aliyeichukua kundini akaipeleka kwa shogake naye amesambaza. Mwambie msimamizi wa kundi aandike hivyo humo, kwa lugha ya adabu, na aandike leo.

Adhabu ya kifungu hicho ni faini isiyozidi Sh200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Mimi naiona ni ndogo na nimelisema hili kila baraza nililopewa nafasi. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 24, picha ikiwa ya mtoto aliye chini ya miaka 18, adhabu inafika faini ya milioni 20 au miaka 25 gerezani. Hapo wabunge walielewa uzito. Mwanamke wa miaka 21 akivuliwa nguo mbele ya mtaa wake, wakaona miaka miwili yatosha. Sikubaliani nao. Hata hivyo, miaka miwili ni miaka miwili, na mtu anayetishia gizani huwa hajawahi kuifikiria.

Kuna na kifungu cha 27, cha unyanyasaji wa mtandaoni. Hicho kinaruhusu kuomba amri ya mahakama ya kumzuia aliyeshtakiwa asiendelee. Mtu mwingine anaweza kuomba kwa niaba ya mwathiriwa, hata nje ya saa za kazi za mahakama, na mahakama inaweza kuiamuru kampuni ya simu itoe taarifa za mwenye laini. Lakini hapa nenda na wakili, kwa sababu kifungu hicho kilifanyiwa marekebisho Oktoba 2025 na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya sehemu zake. Usikitegemee peke yake. Shika cha 37.

Zile Sh60,000 nazo ni jambo jingine kabisa. Kudai pesa kwa vitisho ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na ule ujumbe wake ndio ushahidi. Kama kweli anadai gharama za posa, madai ya posa yana mlango wake, kwa wazee au kwa Kadhi. Kadhi hatampa mtu ruhusa ya kutuma picha Maskati.

Kituoni mtarudi, ila si kwa meza ile. Ulizeni dawati la jinsia, mwombe chumba, mtoto asihojiwe tena mbele ya benchi. Msiondoke bila namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Wakikataa kuandika, mwone OCS mwenyewe, mkuu wa kituo. Akikataa naye, nendeni ofisi za DCI, idara ya upelelezi, na kukataliwa huko kuripotiwe IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, wana ofisi hapa Mombasa na huwasaidia wanawake kisheria bila malipo. Katiba nayo inalinda heshima ya mtu kwenye ibara ya 28 na faragha yake kwenye ibara ya 31, kwa hiyo baadaye mkitaka kudai fidia njia ipo.

Mama mkubwa anataka mtoto asitirike, nami nataka hivyo hivyo. Ila katika haya niliyoyaona, kimya kilimsitiri kijana. Binti mtaa mzima ulishamjua.

FundiSimu_Makupa

Niongeze upande wa simu, maana watu huniletea baada ya kuharibu.

Piga skrinishoti ya ule ujumbe wa vitisho, ionekane namba kamili pamoja na tarehe na saa. Kama mmeihifadhi namba hiyo kwa jina, ondoeni jina kwanza, maana skrinishoti yenye "Yule Mshenzi" badala ya namba haimsaidii mpelelezi. Kule kundini piga palipo na picha, na pale WhatsApp inapoandika namba fulani imeingia na imetoka. Kisha usiibloku mpaka hayo yote yawe tayari.

Simu yenyewe iwekeni. Msibadilishe laini, msimpe fundi "aisafishe". Mahakamani ushahidi wa kielektroniki huambatana na cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kueleza umetolewa kwenye chombo gani na kwa njia gani, kwa hiyo chombo chenyewe kikiwepo kazi inakuwa nyepesi.

Na tafadhali, picha zenyewe msimtumie mtu, hata anayejitolea kuwasaidia. Mpelelezi aonyeshwe kwenye simu hiyo hiyo.

Kuna huduma inaitwa StopNCII, ilianzishwa 2021, ni ya watu wa miaka 18 na zaidi. Unachagua picha kwenye simu yako, inatengeneza alama ya tarakimu ya picha hiyo, na alama ndiyo inayopelekwa. Picha haitoki mkononi mwako. Facebook, Instagram na TikTok wamo, mtu akijaribu kuipandisha huko inaweza kutambuliwa na kuzuiwa. Haifiki ndani ya mazungumzo ya WhatsApp, huko unairipoti namba. Akiwa chini ya miaka 18 huduma yake ni nyingine, inaitwa Take It Down. Marekani nao walitia saini sheria Mei 2025 inayozitaka kampuni za mitandao ziondoe picha za namna hii ndani ya saa 48 baada ya mwenyewe kuzijulisha. Kampuni zilipewa mwaka mmoja kujiandaa. Hiyo ni sheria ya kwao, lakini hizi programu tunazotumia nyingi ni za huko huko.

Ummu_Bamburi

Dada, binti asilale peke yake siku hizi. Mimi ni muuguzi, siandiki zaidi ya hapo. Simu ya 1195 ni ya bure, ni ya unyanyasaji wa kijinsia, apigiwe na mtu anayemwamini akiwa karibu naye. Na babake ajulishwe na wewe, mapema, kabla hajasikia kwa mwengine. Tishio lote la yule kijana linasimama hapo.

MuuzaLeso

Nimerudi. Mungu awalipe nyote.

Ummu Bamburi, nilikuwa naliogopa hilo lako kuliko kituo. Jana baada ya alfajiri nikampigia kakangu Maskati. Nilimwambia yote, isipokuwa zilivyo picha. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akaniuliza, "Amekula?" Nikasema hajala vizuri. Akasema mpe simu. Walizungumza mlango umefungwa, sikusikia, ila alipotoka alikwenda kuoga.

Msimamizi wa kundi ameandika. Wanawake watatu wamenijia dukani wenyewe kusema wamefuta, na mmoja akakiri aliipeleka kwa dadake. Nimemwambia asifute ule ujumbe wa kuipeleka, akaogopa. Je, Msaidizi, nilikosea kumwambia hivyo? Msimamizi mwenyewe amekubali kuandikisha taarifa.

Skrinishoti tumepiga kumi na moja. Namba haina jina.

Msaidizi_Likoni

Hukukosea, lakini usimlazimishe. Mwambie azungumze na wakili kabla ya kuandikisha lolote, maana naye ana la kujibu. Msimamizi anatosha kwa kuanzia.

Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa nje ya kituo, nitavaa mtandio wa kijani. Njooni na kitambulisho cha binti, simu yake na chaja. Yeye ndiye atakayesema, mimi na wewe tutakaa pembeni yake. Na ukipata nafasi usiku huu, mwambie aandike kwa mkono wake mambo yalivyofuatana, tarehe kwa tarehe, ili asiulizwe akababaika.

MuuzaLeso

Ameshaanza kuandika. Yuko ukurasa wa pili.