Butiama ni wilaya gani hasa? Karatasi za babu zinanichanganya

mjukuu_wa_pili:
Wakuu, napanga makaratasi ya marehemu babu nimekwama. Bahasha moja ina mwandiko wake, "Butiama, Musoma, Jimbo la Ziwa". Cheti cha baba kinasema Musoma, Mkoa wa Mara. Cha mdogo wangu wa mwisho kinasema Wilaya ya Butiama. Na boma ni lilelile, jiwe la kuanikia mtama halijasogea hata kidogo. Kijiji kilihama au?

kanyaga_twende:
Hakijahama, mipaka ndo inahamahama. Enzi za mkoloni Musoma yote ilikuwa Jimbo la Ziwa, wakubwa wako Mwanza, kijijini anayejulikana ni mtemi wa Wazanaki, Burito na baadaye mwanae Wanzagi, kaka yake Mwalimu. Baada ya uhuru jimbo likavunjwa ukatoka Mkoa wa Mara, 1963 utemi ukafutwa kisheria, ila wilaya ikabaki Musoma miaka yote hiyo mpaka 2012 Butiama ikamegwa, ikaondoka na Buhemba na Kiabakari. Kwa hiyo karatasi zote tatu ziko sahihi.

mzee_wa_faili:
Umeruka sabini hapo. 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa, ndo ule mpango wa Madaraka Mikoani, halafu sheria ya 1975 ikavipa vijiji usajili na halmashauri zake. Halmashauri za wilaya zimerudi 1984. Sasa dogo, ukikuta barua imesainiwa na "Mkurugenzi wa Maendeleo wa Wilaya" ujue ni ya katikati hapo, 1972 hadi 1984, hata kama tarehe imeliwa na mchwa.

shuka_makutano:
Halafu angalia wanaposema Butiama wanamaanisha ipi, maana kuna kijiji, kata na wilaya, zote jina moja (hii inawapoteza hata madereva). Kijiji chenyewe unashuka Makutano kwenye lami ya Mwanza–Sirari unalipa ziwa mgongo, mbele ni mawe makubwa makubwa na Mwitongo ndo pale alipozikwa Mwalimu 1999, msitu wa Muhunda uko jirani na wazee hawataki mtu akate hata fito mle. Karatasi ikitaja Mwitongo au Muhunda hapo hakuna utata, ni kijijini.

mjukuu_wa_pili:
Aisee mzee wa faili, ipo moja ya huyo Mkurugenzi wa Maendeleo! Mwaka umekatika kwenye kona, nilikuwa nimeiweka fungu la mkoloni 😂 ngoja niihamishe.