U-852: ndiyo iliyoizamisha Khedive Ismail?

Kijana wa Likoni
Salaam wanajukwaa. Kuna wanaosema meli Khedive Ismail, iliyong'oa nanga hapa Kilindini Februari 1944, ilizamishwa na U-852, ile nyambizi ya Kijerumani iliyopanda mwamba Somalia. Tarehe zinakubali? Na mbona ilienda kupanda mwamba badala ya kuzama ikajificha?

Nahodha Mstaafu
Hazikubali kabisa, mwanangu. Khedive Ismail ilipigwa 12 Februari karibu na Maldivi, na aliyeipiga ni Mjapani, I-27. Manowari za Kiingereza Paladin na Petard zikaimaliza I-27 siku hiyo hiyo. Waliokufa melini walikuwa karibu 1,300, wakiwemo wapiga mizinga wetu wa Afrika Mashariki, kwa hiyo tusikosee nani aliwaua.

U-852 ilikuwa mbali. Ilitoka Kiel 18 Januari 1944 chini ya Heinz-Wilhelm Eck, ikazamisha Peleus ya Wagiriki Atlantiki 13 Machi, kisha Dahomian karibu na Cape Town 1 Aprili. Ndege ziliikuta pwani ya Somalia 2 Mei, na kesho yake ikawa juu ya mwamba. Safari moja tu.

Fundi Dizeli
Hilo la kuzama nalijibu mimi. U-852 ilikuwa aina ya IXD2: urefu mita 87.58, torpedo 24, mirija minne mbele na miwili nyuma. Juu ya maji ilikwenda maili 19 za baharini kwa saa. Chini ya maji inategemea betri, na hata ikijikongoja kwa maili 4 kwa saa, zinakwisha baada ya maili 57 hivi. Basi lazima iibuke iwashe dizeli ichaji, na hapo ndipo ndege huikamata. Wellington kutoka Aden ziliiangushia mabomu yanayolipukia majini, ikaharibika isiweze tena kukaa chini. Kwa nyambizi yoyote, bodi ikivuja na maji ya chumvi yakafika kwenye asidi ya betri, hutoka gesi ya klorini, na hiyo haivumiliki chumbani. Eck akabaki kukimbilia ufuo huku wakipigana kwa mizinga ya sitahani.

Ilibeba pia Fa 330, kishada cha kubeba mtu, panga zake zikizunguka kwa upepo tu, bila injini. Kipenyo mita 7 na kitu, kamba mita 150. Aliye juu huona mbali kuliko aliye mnarani, lakini ndege ikitokea, nyambizi haiwezi kuzama upesi naye yuko angani.

Kijana wa Likoni
Shukrani wazee wangu. Na habari za Peleus zilijulikanaje?

Nahodha Mstaafu
Kwa batli, yaani daftari la safari la nyambizi. Eck aliamuru vyelezo na mabaki ya Peleus vipigwe kwa bombomu na maguruneti, ndege zisije zikaona alama. Watu walikuwa bado wameshikilia vyelezo hivyo. Watatu walinusurika, wakaelea zaidi ya mwezi mpaka meli ya Kireno ikawaokota. Pale Somalia wakalipua nyambizi lakini batli haikuharibiwa, na ndani yake mna tarehe na mahali. Kesi ilisikilizwa Hamburg Oktoba 1945. Eck na maofisa wake wawili walipigwa risasi 30 Novemba.