Ni utumwa au ni haki za majimbo vilivyoigawa Marekani kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861?

Mpenda Historia
Ndugu wanajukwaa, mdogo wangu anajiandaa kwa mtihani, nasi tumekwama. Kitabu kimoja kinasema kwamba majimbo ya Kusini yalijitenga ili kulinda haki yao ya kujiamulia mambo, kingine kinasema chanzo kilikuwa utumwa. Tena, kama viongozi walipatana mwaka 1820 na mwaka 1850, kwa nini mapatano hayo hayakudumu?

Mwalimu Mstaafu
Ndugu yangu, hayakudumu kwa sababu kila ardhi mpya ilipopatikana, swali lilizuka upya: je, watumwa wataruhusiwa huko? Katika mapatano ya 1820 ilikubaliwa Missouri iingie kama jimbo la watumwa na Maine kama jimbo huru, yaani lisiloruhusu utumwa, ili idadi ya maseneta ibaki sawa, na utumwa ukapigwa marufuku katika ardhi ya magharibi iliyokuwa kaskazini ya mpaka wa kusini wa Missouri. Kisha vikaja vita na Mexico, vilivyoleta ardhi nyingine kubwa. Mwaka 1854 sheria ya Seneta Stephen Douglas ilifuta mpaka ule na kuwaachia wakazi wa Kansas na Nebraska waamue kwa kura, na hapo watu wenye silaha wa pande zote mbili wakamiminika Kansas na kuanza kuuana. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani, na kwamba Bunge halina mamlaka ya kuzuia utumwa katika maeneo hayo. Baada ya hukumu hiyo, watu wa Kaskazini wengi waliona kwamba hakuna mapatano yanayoweza kuheshimiwa tena.

Binti wa Pwani
Naomba niongeze kuhusu haki za majimbo, kwa maana hoja hiyo inanikera. Sheria ya kuwarudisha watumwa waliotoroka, iliyokuwa sehemu ya mapatano ya 1850, ilidaiwa na Kusini yenyewe, nayo iliitumia serikali kuu dhidi ya majimbo ya Kaskazini. Mtuhumiwa hakuruhusiwa kujitetea kwa ushahidi wake mwenyewe. Afisa aliyeamua kesi alilipwa dola 10 akimkabidhi kwa bwana wake, na dola 5 tu akimwachia huru. Mwaka 1854 Anthony Burns, mtumwa aliyetoroka, alipitishwa katika mitaa ya Boston, Massachusetts, akilindwa na askari hadi melini, huku umati mkubwa ukipiga kelele za hasira. Wenye watumwa walipofaidika na nguvu za serikali kuu, hawakuzungumzia haki ya Massachusetts kujiamulia. Hata hivyo, tusiisafishe Kaskazini: viwanda vyake vya nguo viliendeshwa kwa pamba iliyolimwa na watumwa, na nguo za merikani zilizofumwa huko zikauzwa hadi Unguja.

Mpenda Historia
Ahsanteni sana. Lakini Abraham Lincoln, aliyechaguliwa kuwa rais kabla ya vita, alitamka kwamba hataugusa utumwa pale ulipokuwapo tayari. Watu wa Kusini waliogopa nini?

Mwalimu Mstaafu
Waliogopa utumwa kuzuiwa usienee, kwani majimbo huru yangeongezeka hadi siku moja yawashinde bungeni. Lincoln alichaguliwa mwaka 1860 ilhali katika sehemu kubwa ya Kusini hakupata kura hata moja, na wenye watumwa wakatambua kwamba nchi inaweza kutawaliwa bila ridhaa yao. Watu karibu milioni 4 walikuwa utumwani, wakihesabiwa kuwa mali, na mali hiyo ndiyo iliyokuwa msingi wa utajiri na hadhi ya mabwana hao. South Carolina ilijitenga tarehe 20 Desemba 1860, na katika tamko lake ililalamika kwamba majimbo ya Kaskazini yanakataa kuwarudisha watoro, na hata kwamba New York hairuhusu mtu kupita na mtumwa wake. Mississippi nayo iliandika waziwazi kwamba msimamo wake umefungamana kabisa na utumwa. Mdogo wako ayasome matamko hayo mawili kabla ya kuandika jibu lake.