Mjadala: Aliyegongwa akivuka chini ya daraja, akatwe fidia?

Mleta Hoja
Barabara ya Thika ina madaraja ya waenda kwa miguu, lakini hadi leo wapo wanaoruka kizuizi cha katikati na kuvuka chini yake. Gari likimgonga mtu huyo, mahakama za Kenya hugawa kosa: dereva asilimia kadhaa, aliyegongwa asilimia kadhaa, na fidia inakatwa kwa kiasi hicho. Kuna wanaosema akatwe nusu au asipewe kitu, maana daraja lilikuwa juu ya kichwa chake. Kuna wanaosema mwenye gari ndiye mwenye wajibu. Leteni hoja. Matusi yabaki stendi.

Dereva wa Abiria
Akatwe, tena sana. Mwenye macho haambiwi tazama. Matatu ina kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, niko ndani ya sheria, mtu anachomoka nyuma ya basi lililosimama pembeni. Hata breki ziwe mpya, gari halisimami papo hapo. Halafu mimi ndiye ninayelala seli, na mwenye gari bima yake inapanda. Daraja limejengwa kwa kodi ya nani?

Mhandisi wa Njia
Dereva, swali la kwanza si daraja. Ni hili: aligongwa akiwa ametembea mita ngapi barabarani?

Tupige hesabu. Mtu mzima hutembea takriban mita 1.2 kwa sekunde. Njia moja ya gari ina upana wa kama mita 3.5, kwa hiyo anaimaliza kwa sekunde 3 hivi. Aliyegongwa mwishoni mwa njia ya pili amekuwa barabarani sekunde 6 kabla ya kuguswa. Gari la kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde, kwa hiyo alipokanyaga lami wewe ulikuwa zaidi ya mita 130 nyuma. Kusimama kutoka mwendo huo, lami ikiwa kavu na ukiweka sekunde moja na nusu ya kushtuka, kunahitaji mita 70 hivi. Kama hakuna kilichomficha, ulikuwa na nafasi karibu mara mbili ya uliyohitaji.

Sasa geuza. Aliyegongwa hatua moja tu kutoka ukingoni, akitokea nyuma ya basi, amekupa sekunde moja. Hapo hata shetani hafungi breki.

Wote wawili walivuka chini ya daraja. Ukiwapa asilimia moja umeonea mmoja wao.

Dereva wa Abiria
Na usiku je? Bila taa za barabarani, mtu kavaa nguo nyeusi?

Mhandisi wa Njia
Usiku mwendo wako ulingane na umbali unaomulikwa na taa zako. Taa za chini hazikuonyeshi mtu wa nguo nyeusi mita 70 mbele. Ukienda 80 ukitumia taa za chini, unaendesha kuelekea usipopaona. Lakini nakubali, nguo nyeusi usiku nayo huhesabiwa dhidi ya anayevuka, na ndivyo inavyostahili.

Wakili wa Mahakama ya Chini
Mhandisi amegusa penyewe. Hakuna kifungu kinachosema "chini ya daraja ni asilimia 50". Hakimu hupima ushahidi, na asiyeleta ushahidi huumia. Ikishindikana kabisa kujua nani alikosa zaidi, mazoea ya mahakama zetu ni kugawa nusu kwa nusu. Nyingi ya hizo nusu kwa nusu mnazosikia hazikutokana na daraja. Zilitokana na faili tupu: hakuna mchoro wa ajali, hakuna alama za matairi zilizopimwa, polisi aliyefika eneo la tukio hakuitwa kortini, na aliyekuja ni mwenzake anayesoma OB (daftari la matukio la kituo cha polisi) tu bila kujua mtu aliangukia wapi.

Kwa hiyo anayemsaidia majeruhi apige picha mapema: damu au vioo viko umbali gani kutoka ukingoni, gari lilisimama wapi, bampa au kioo kimepasuka upande gani. Kioo kikipasuka upande wa mbali na alikotokea, ni dalili kwamba alikuwa karibu kumaliza kuvuka. Mvua ya jioni moja inafuta yote hayo.

Jambo jingine watu huchanganya. Dereva akitiwa hatiani katika kesi ya trafiki, kosa lake haliwezi kukanwa tena katika kesi ya fidia. Hata hivyo bima bado ina ruhusa ya kudai kwamba wewe nawe ulichangia.

Bimani
Nitaongea upande usiopendwa. Kila asilimia inayotolewa kwa huruma inalipwa na wenye magari wengine kupitia ada ya bima. Na kesi hewa zipo: mtu alianguka ngazi nyumbani, broka (dalali wa kesi) akamtafutia nambari ya gari na abstrakti ya polisi, yaani hati fupi inayothibitisha kwamba ajali iliripotiwa. Ndiyo maana kampuni hutuma mpelelezi hospitalini kulinganisha tarehe. Msituone wabaya tunapouliza maswali.

Kuhusu daraja, msimamo wangu ni huu: kama daraja liko ndani ya mita 100 na linapitika, aliyeruka kizuizi aanze na asilimia 40, kisha ushahidi upandishe au ushushe.

Karani wa Rekodi
"Linapitika" ndilo neno, Bimani. Mwenye magongo hapandi ngazi. Mama mwenye mtoto mgongoni na gunia la viazi naye? Na daraja lisilo na taa saa tatu usiku, ambapo watu huporwa simu, linapitika kwenye ramani tu.

Ila mimi nina neno kuhusu hospitali, maana huko ndiko kesi hufia. Karatasi ya kwanza kabisa, ile ya kupokelewa, ndiyo bima huisoma kwa miwani. Iseme amegongwa na gari akiwa anatembea, tarehe na saa. Ndugu aliyemleta akisema "ameanguka" kwa sababu ya haraka au hofu ya polisi, neno hilo litaandikwa na litamfuata hadi kortini. Jina lilingane na kitambulisho. Wanjiku wa kadi na Wanjiru wa abstrakti ni watu wawili mbele ya sheria mpaka mtu ale kiapo. Kisha omba muhtasari wa kuruhusiwa na picha za eksirei zenyewe, siyo ripoti yake pekee. P3, fomu ya kueleza majeraha, inatolewa polisi na kujazwa na daktari. Ni ya kesi ya jinai zaidi. Kesi ya fidia inahitaji pia ripoti ya daktari inayotaja ulemavu wa kudumu, kama upo, kwa asilimia. Bima nayo itakutuma kwa daktari wake, na usishangae asilimia ikishuka.

Msomaji wa Tanga
Kwetu Tanzania someni PF3 mahali pa P3. Muda wa kudai ni ileile miaka 3.

Wakili wa Mahakama ya Chini
Sawa kabisa ndugu wa Tanga. Na hiyo miaka 3 Kenya huanza siku ya ajali, haisubiri upone. Kuna mtego mmoja: ukigongwa na gari la serikali, una miezi 12 tu. Mtoto muda wake hauanzi kuhesabiwa hadi afike miaka 18, ingawa mzazi anaweza kufungua kesi kwa niaba yake mapema, na ni heri afanye hivyo kabla mashahidi hawajahama.

Sasa Bimani, asilimia 40 zako tuziweke kando kwanza. Nipe nafasi nioneshe pesa zinapopotelea. Chukua mtu aliyevunjika mifupa yote miwili ya muundi, akawekewa chuma na skrubu. Tuseme, kwa mfano tu, fidia ya maumivu ni shilingi 800,000. Ametumia 120,000 hospitalini na nauli, lakini ana risiti za 45,000. Gharama hizi hudaiwa moja moja na kuthibitishwa kwa risiti. Zisizo na risiti hazipo. Chuma kitatolewa baadaye kwa 150,000, lakini wakili wake alisahau kuitaja kwenye hati ya madai, na kisichodaiwa humo hakimu hawezi kukitoa mfukoni mwake.

Akikatwa asilimia 20: 845,000, anabaki na 676,000.

Mwenzake mwenye jeraha lilelile, karatasi zote, na gharama ya kutoa chuma imedaiwa, akatwe asilimia 30: 1,070,000, anabaki na 749,000.

Aliyeonekana na kosa kubwa zaidi ameondoka na zaidi ya 70,000 juu ya mwenzake. Halafu tunakesha tukipigania daraja. (Angalieni pia: dai la pili limevuka milioni 1, kwa hiyo Mahakama ya Madai Madogo, ile ya kuamua ndani ya siku 60, haliwezi kulisikiliza. Linaenda kwa hakimu wa kawaida.)

Bimani
Hesabu nzuri, wakili, ila taja na mkato usioandikwa. Wakili anayemwambia majeruhi "nitachukua asilimia 30 tukishinda" anavunja Sheria ya Mawakili. Mkataba wa aina hiyo haukubaliki Kenya. Na hundi yetu huenda kwa wakili, siyo kwa majeruhi. Amwombe wakili barua ya kumalizana na bima, aone kiasi kilichoandikwa, kabla ya kusaini kwamba amepokea.

Wakili wa Mahakama ya Chini
Kweli, na inauma. Nami nikurudishie: mkishindwa kesi na msilipe, majeruhi hulazimika kufungua kesi ya pili dhidi yenu wenyewe ili mlazimishwe kuheshimu hukumu. Hiyo nayo inamtaka aoneshe kwamba mlipewa notisi ya kesi ya kwanza kwa wakati. Wakili mvivu akisahau notisi, hukumu inabaki pambo la ukutani. Na kikomo chenu ni milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi anadaiwa mwenye gari.

Dereva wa Abiria
Na yule anayegonga akakimbia? Huyo majeruhi hana bima wala asilimia. Si muanzishe mfuko wa fidia, mkate kidogo kwenye bei ya mafuta kama Afrika Kusini?

Bimani
Afrika Kusini tozo ilifika senti 218 za randi kwa kila lita ya petroli, na bado mfuko wao umelemewa na madeni. Isitoshe, huko nako lazima uthibitishe kosa la dereva, na tangu 2008 fidia ya maumivu ni kwa jeraha kubwa tu.

Karani wa Rekodi
Lakini huko aliyegongwa na gari lisilojulikana ana pa kupeleka dai, ndani ya miaka 2. Wetu wa Kenya akilala wodini hana hata nambari ya kuandika kwenye fomu. Mimi naunga mkono mfuko, uanze na hao tu: waliogongwa na gari lililotoroka, na bili ya siku za kwanza pekee.

Mhandisi wa Njia
Naunga mkono, kwa sharti kwamba sehemu ya tozo ijenge vivuko vya usawa wa barabara vyenye matuta na taa pale watu wanapovuka kweli. Njia yao inaonekana: nyasi zimekufa na kizuizi kimepinda.

Dereva wa Abiria
Matuta kwenye njia kuu? Hapo tena mmeniudhi. Ila lile la sekunde 6, mhandisi, nimelipiga hesabu kwa kalamu, nalo halipingiki. Asilimia 40 za Bimani nazikubali kwa aliyetokea nyuma ya basi. Aliyefika njia ya pili, mseme nyinyi.

Mleta Hoja
Swali liko wazi bado kwa mtoto. Bimani, mwanafunzi wa miaka 8 aliyeruka kizuizi naye anaanza na 40?

Bimani
Hapana. Kwa mtoto wa umri huo mahakama kwa kawaida hazimbebeshi kosa, na sisi huwa hatupotezi muda kubishana. Tunakwenda moja kwa moja kwenye kiasi.